Mkono Pembeni mwa Picha

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, marubani wa helikopta wa kampuni ile walijazana kwenye chumba cha mapumziko nyuma ya banda la ndege, wakaunganisha simu zao na televisheni ya ukutani, wakaanza kutambiana. Huyu anaonyesha mlima uliomezwa na wingu, yule nguzo ya umeme aliyoishusha kwa kamba mpaka shimoni mwake, mwingine tajiri aliyetapikia kofia yake mwenyewe. Sheria ilikuwa moja: bila picha husimulii. Ukianza kueleza jambo na huna cha kuonyesha, wenzako wanagonga meza na kuitikia "Pakawa!" kana kwamba umesema paukwa, na hapo huna budi kunyamaza. Mkono mtupu haulambwi, walikuwa wakisema, na wote wanacheka.

Mwanamke pekee kati yao walimwita Dada Mkubwa. Aliingia kazini kabla yao wote, na wengi wao yeye ndiye aliyewafundisha, lakini hakuwahi kusimulia chochote Ijumaa hata moja. Alikaa karibu na birika, kikombe kwenye mkono wa kulia, ule wenye kidole cha shahada kisicho na ncha, akasikiliza ya wenzake. Hakuwa na picha. Na sababu ya kutokuwa na picha ni nyepesi, ila watu wa kazi ileile walijifanya hawaijui: anayeirusha helikopta hana mkono wa kupigia picha. Wa kulia umeshika usukani, ile fimbo inayosimama katikati ya magoti. Wa kushoto umeshika wenzo wa kupandishia na kushushia. Miguu yote miwili iko kwenye pedali. Ukikuna pua tu, chombo kinajua. Kwa hiyo picha ya jambo gumu siku zote inapigwa na mtu ambaye dakika hiyo hakuwa na jambo gumu la kufanya.

Katika habari hii mtu huyo aliitwa Kamera, na jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya. Siku ya mafuriko makubwa alikuwa rubani msaidizi wa Dada Mkubwa, naye alirudi na picha ya paa ambayo kila mtu mjini ameiona: mabati yaliyopinda, maji ya rangi ya matope, na watu wa nyumba moja wamenyoosha mikono juu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwanzoni Kamera alisema, "Dada Mkubwa aliegemeza ndege kwenye paa, mimi nikasoma mitambo." Baadaye ikawa, "Tuliegemeza." Sasa amekuwa rubani kamili, ana miwani ya bei mbaya, na hadithi inasema, "Nikaegemeza." Akifika hapo haangalii upande wa birika. Dada Mkubwa naye anaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake imeyeyuka zamani.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi kaka yake Dada Mkubwa alimpigia simu kutoka kando ya kitanda cha baba yao mgonjwa. "Baba anakuita," alisema. "Leo usichelewe." Dada Mkubwa akavua ovaroli, akatundika mkoba begani, na alikuwa mlangoni pale mpanga safari wa kampuni alipomfuata mbio. Mto umevunja kingo. Kuna familia juu ya paa, na paa lenyewe linaondoka. Haliwezi kubeba uzito wa helikopta. Inabidi mguu mmoja wa chuma uguse mabati kidogo tu, chombo kikae hivyo hewani huku mhudumu wa nyuma akivuta watu ndani. Rubani mwingine aliyeweza kazi hiyo alikuwa safarini. "Hakuna mwingine wa kuegemeza, Dada," alisema mpanga safari. Dada Mkubwa aliwaza kwamba baba atamsubiri. Baba hakuwahi kuacha kumsubiri. Akarudi kuvaa ovaroli.

Alipomaliza paa la kwanza aliona la pili, na kwenye la pili kulikuwa na mtoto mchanga ndani ya beseni. Nani angegeuza ndege hapo? Alirudi kituoni jua limeshaanza kushuka, akawasha simu. Kaka yake alikuwa amepiga mara nyingi, kisha akaacha kupiga, akaandika ujumbe: "Usiharakishe tena."

Msibani, mbele ya mashangazi na majirani, kaka yake alisimama mbele yake na kumuuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natoa watu kwenye paa."

"Paa gani? Nani kakuona?"

Shangazi mmoja alimvuta kaka shati anyamaze, naye alinyamaza kweli. Toka siku hiyo alimnyamazia dada yake moja kwa moja. Karakana ya baiskeli ya baba ilikuwa mikononi mwake sasa, na Dada Mkubwa alikuwa akipita pale, anatoa salamu, anajibiwa salamu, basi. Hawakuwa na ndugu mwingine. Jambo hilo lilimuuma kuliko lilivyomuuma kaburi, maana baba alikuwa ameondoka na hakuwa na la kufanya, lakini huyu alikuwa hai, anaziba pancha, na hamtaki. Akajipa moyo kwamba siku kaka atakapoliona lile paa na yale maji, kwa macho yake, atamsamehe.

Ndiyo maana kampuni ilipoamua kuiweka picha ya paa kwenye kalenda ya mwaka, Dada Mkubwa alifurahi kama mjinga. Kalenda zilipoletwa alichukua moja hata bila kuifungua, akaipeleka moja kwa moja karakanani, akaikunjua juu ya meza katikati ya minyororo na makopo ya gundi.

"Ndilo lile paa," alisema.

Kaka alifuta mikono kwa kitambaa, akavaa miwani, akasoma maandishi ya chini. Liliandikwa kwa herufi kubwa jina la Kamera na maneno "rubani shujaa".

"Huyu nani?"

"Alikuwa msaidizi wangu."

"Na wewe uko wapi?"

Dada Mkubwa akainama kuitazama picha kana kwamba yeye mwenyewe angejikuta humo. Paa, maji, mikono ya watu. Basi.

"Hata kwenye picha haumo, mdogo wangu," alisema kaka yake, kwa sauti ya chini tu, ambayo ilikuwa mbaya kuliko makelele ya msibani. Kisha akaitundika kwenye msumari juu ya pampu. "Kalenda ni kalenda," alisema. "Karakana haikuwa nayo."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho yake Dada Mkubwa alimfuata Kamera kwenye uwanja wa kutulia ndege, akamkuta anasugua kioo cha mbele.

"Ile picha ya paa," alimwambia. "Naomba ile nzima."

"Nzima vipi, Dada?"

"Kabla hujaikata."

Kamera alicheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. "Niliondoa tu uchafu wa pembeni. Usukani, goti, vitu hivyo. Watu wa kalenda walitaka paa lionekane."

"Uchafu huo ni mimi."

Alisugua kioo mahali palepale palipokwisha takata. "Sasa Dada, Ijumaa zote hizo umekaa pale. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema na picha gani?"

Kamera akatoa simu. Tumpe haki yake: aliitafuta palepale, akiwa amesimama juani, akamtumia. "Hadithi ikishapendwa na watu, kuirudisha ni shida," alisema, macho kwenye simu. Dada Mkubwa hakumkaripia wala hakumshukuru. Hakuja kwa ajili yake.

Picha nzima ilikuwa imepigwa kuelekea chini, kupitia kioo kilichoko miguuni pa rubani. Paa lilikuwa palepale na mikono ya watu palepale, lakini pembeni, upande wa kulia, kulikuwa na goti la ovaroli, na mkono ulioshika usukani, mishipa imetuna, kidole cha shahada kifupi bila ncha. Ncha hiyo ililiwa na mnyororo wa baiskeli palepale karakanani, siku alipochomeka kidole wakati baba anazungusha pedali. Baba alimbeba mbio mpaka hospitali, na tangu hapo hakuushika tena mkono wake mwingine. Kuvuka barabara, kupokea cheti, kuagana mlangoni, lazima ni ule wa kulia, na dole gumba lake linakaa juu ya kile kidole kifupi kana kwamba bado kinavuja damu. Mpaka binti amekuwa mtu mzima mwenye sare na mabega, baba bado anamshika hivyo mbele za watu, naye anaona haya na hauondoi.

Akaenda studio, akaisafisha picha kubwa, akaipeleka karakanani. Aliilaza mezani, akarudi hatua moja.

Kaka yake aliinua picha. Aliisogeza karibu na mlango penye mwanga, akarudi nayo.

"Huu mkono wako."

"Ndiyo."

"Basi kweli ulikuwa huko."

"Nilikuwa huko, kaka."

Akavuta kigoda, akakipangusa, akamsogezea. Hakuwa amemkaribisha kukaa tangu msiba. Dada Mkubwa akakaa, akafikiri, bado kidogo tu nitalia. Kaka alibaki amesimama na picha mkononi.

"Kuna jambo sikukwambia," alisema. "Nilidhani unadanganya. Nikaona mtu aliyekataa kuja hana haki ya kuambiwa."

"Niambie sasa."

"Baba macho yalimwisha alfajiri ile. Alikuwa haoni. Kila anayesogea kitandani anamshika mkono, anapapasa vidole kimoja kimoja, halafu anauachia. Shangazi kauachiwa. Nesi kauachiwa. Mimi nilikaa pale mpaka mwisho, nikampa wangu. Akaushika, akaupapasa, akauachia." Alikigusa kidole kifupi kwenye picha. "Alikuwa anautafuta huu."

Nje mtu alileta baiskeli ya kuzibwa pancha, akaita mara mbili, na hakuna aliyemwitikia. Mkono wa Dada Mkubwa ulikuwa juu ya meza, katikati ya makopo ya gundi, na kaka yake aliutazama lakini hakuushika.