Damu Haina Maneno

Wifi yangu amepiga pasi kwa miaka thelathini na moja. Ukitaka kumjua, usoni hutapata kitu, tazama miguuni. Vifundo vimevimba, mishipa imejitokeza, na viatu vyake amevikata nyuma ili visigino vipumue. Anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia nyuma ya kiwanda, ovaroli mia mbili kwa siku, na mvuke wa pale umemkausha koo mpaka sauti yake inakwaruza. Wengi humwona mkali. Mimi ninayemfahamu nasema amechoka tu.

Mume wake ni kaka yangu, kwa hiyo haya ninayoyasema yananiuma pande zote mbili. Kaka alikuwa mtunza stoo wa kiwanda hichohicho. Walimwita Leta Karatasi, kwa sababu kwake hata msumari mmoja haukutoka bila fomu yenye saini. Meneja mwenyewe aliwahi kurudishwa dirishani pale. Nyumbani alikuwa vilevile. Paa likivuja alipanda mwenyewe kuliziba, mtoto akiumwa alikesha naye, lakini neno zuri kwa mkewe halikumtoka. Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi kaka yangu alikaa miaka thelathini bila kukohoa.

Hata kujuana kwao kulianza kwa ugomvi. Wifi alikuwa msichana, ametumwa kupeleka stoo furushi la ovaroli zilizofuliwa. Kaka akaitazama karatasi yake, akasema, "Saini hii haionekani vizuri. Rudi kesho." Akarudi kesho yake, akaambiwa hivyohivyo. Mara tatu, na furushi kichwani. Mara ya nne alimpa vidonge vyake mbele ya wapagazi wote. Mwaka uliofuata akaolewa naye, na nikimuuliza ilikuwaje, hunijibu kwamba siku ile jua lilikuwa kali.

Mwaka jana, kaka akiwa amebakiza miezi michache astaafu, aligonga kichwa kwenye rafu ya chuma. Akajisugua, akaandika kwenye daftari kwamba rafu imelegea, akaendelea na kazi. Wiki tano zikapita. Jumapili moja mchana wifi akaja kwangu, akakaa, akavua viatu.

"Wifi," akasema, "kaka yako ameniambia asante."

"Asante ya nini?"

"Ya chai."

Tukatazamana kama watu walioletewa habari ya msiba.

Asante hiyo ilikuwa ya kwanza tu. Kaka akaanza kumsubiri mlangoni anapotoka kazini. Akaishika mikono yake na kusema inanukia nguo yenye joto, na kwamba harufu hiyo ameipenda tangu siku ya kwanza. Akamsifu mbele ya fundi bomba, mpaka fundi bomba akasahau spana zake. Siku moja, wakila mkate, akamwambia, "Ile karatasi yako ilikuwa na saini. Saini nzuri tu. Nilitaka urudi."

Wifi aliponisimulia hilo alikuwa anafuta macho na huku anacheka, na mimi nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu harusi yao. Alianza kulala usingizi mzito. Alianza kuimba kwenye meza ya pasi, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, wenzake wakamwomba aache. Kliniki, presha yake ilikuwa imeshuka, nesi akaipima mara mbili akidhani mashine imeharibika.

"Mama, umebadilishiwa dawa?"

"Nimebadilishiwa mume."

Nilifurahi pamoja naye, sikatai. Lakini kaka alianza kuburuta mguu wa kushoto. Akawa anafunga vifungo vya shati upande upande. Ikafika siku akasahau njia ya chooni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wifi akawa anatoka kufua za watu anakuja kufua shuka zake, na bado mgonjwa anamwangalia kutoka kitandani na kumwambia yeye ni mzuri. Tulimpeleka hospitali tukiwa tumemshika huku na huku, naye njia nzima anawasalimu wapita njia.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, mwenye kucha fupi. Alituonyesha picha ya ndani ya kichwa cha kaka, akapitisha kalamu juu ya doa lililofanana na ganda la ndizi.

"Hii ni damu. Imejikusanya kidogo kidogo tangu alipojigonga, na imeubonyeza ubongo hapa mbele. Hapa mbele ndipo breki ya mtu ilipo. Ndiyo inayokuambia subiri, nyamaza, hilo usiliseme. Kwa mzee, breki hiyo imelegea."

Akasema watatoboa tundu dogo kwenye fuvu, damu itolewe. Wasipofanya hivyo, baada ya wiki chache atalala na hataamka.

"Na akishatolewa damu," wifi akauliza, "atarudi alivyokuwa?"

"Ndivyo tunavyotarajia, mama. Kabisa."

Daktari aliyasema hayo kwa furaha, masikini, akidhani anatoa habari njema. Akasogeza fomu ya idhini mezani na kalamu juu yake. Mke ndiye anayesaini. Wifi akaitazama kalamu.

"Naomba nifikirie mpaka kesho," akasema.

Nilimshika mkono kule koridoni, karibu nimtukane. "Unafikiria nini, wifi? Yule ni kaka yangu."

"Najua."

"Atakufa."

"Najua, wifi. Nimeolewa miaka thelathini, nimependwa wiki sita. Nipe siku moja niage."

Hasira yangu iliishia palepale, ikabaki aibu. Nilikuwa nikiyajua ya kaka muda wote, na sikuwahi kumwambia hata siku moja, kaka, mshukuru mkeo.

Siku hiyo hakwenda kazini. Alikaa kando ya kitanda cha kaka tangu tulipotoka kwa daktari mpaka wageni walipoondolewa, amemshika mkono, na kaka akazungumza, mengine ya maana na mengine hayana kichwa wala miguu. Wifi hakujibu sana. Alikuwa anasikiliza tu, uso wake umechoka, lakini sikio ameliinamisha asipitwe na neno.

Asubuhi yake tulirudi kwa daktari. Kabla ya kuigusa kalamu, wifi akasema, "Daktari, nataka kuuliza jambo moja, na usinifiche. Hayo anayoniambia, yanatoka kwake au yanatoka kwenye hiyo damu?"

Yule dada akaitazama tena ile picha. Nikaona anatafuta njia ya kutuambia bila kutudanganya.

"Siwezi kukuapia kila neno, mama. Mgonjwa wa namna hii huchanganya mambo. Lakini damu haina maneno. Inabonyeza tu. Kama amekuambia kitu cha zamani na wewe unakijua kuwa ni kweli, hicho kilikuwa kichwani kwake siku zote."

Wifi akasaini. Akaandika jina lote na tarehe, akarudisha kalamu.

Nilidhani tukitoka nje atalia, na nilikuwa nimeshatayarisha kitambaa. Akatoka amekasirika. Tulifika kwenye ngazi akasimama, ameshika ukuta.

"Angekuwa hana maneno mazuri, ningemsamehe," akasema. "Nilikuwa nimeshamsamehe. Nilijiambia, huyu kaumbwa hivi, hana. Kumbe anayo stoo, yamejaa mpaka darini, na mimi nimesimama dirishani miaka yote. Mkono wa birika, kaka yako."

Sikumtetea. Ningemtetea kwa lipi?

Kaka akapasuliwa, akapona. Siku ya tatu akauliza miwani yake iko wapi, na kama ile rafu imekazwa. Daktari akatabasamu, akasema hizo ni dalili nzuri. Wifi akamwangalia mumewe kwa muda, akasema taratibu, "Karibu tena, Leta Karatasi." Kaka akaendelea kutafuta miwani yake.

Akarudi nyumbani, akarudi kwenye kimya chake. Chai ikija anakunywa, ikiisha anasukuma kikombe. Wifi akarudi kwenye pasi. Hakuimba tena, wenzake walimwomba aimbe akakataa. Presha ikapanda, nesi akaongeza kidonge.

Wiki ya tatu nilikwenda kumwona kaka, nikakaa naye sebuleni. Wifi akaingia kutoka kazini, akaweka maji jikoni bila kukaa, akaleta chai, akaiweka mbele ya mumewe. Kaka akanywa. Wifi hakuondoka. Alisimama palepale na mikono yake imelowa.

"Mzee," akasema, "nikuulize kitu cha kazi. Kule stoo, mtu akileta fomu yenye saini, unamnyima mzigo wake?"

"Simnyimi," kaka akasema. "Haki yake."

"Mimi nilisaini. Kule hospitali, jina lote na tarehe. Mzigo wangu uko wapi?"

Nilitamani kutoka, nikashindwa. Kaka akaweka kikombe chini. Alimwangalia mkewe kwa muda mrefu sana, kovu limevimba juu ya paji la uso. Akafungua mdomo, akafunga. Niliona kabisa anavyohangaika, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia yeye kuliko wifi.

"Saini hiyo," akasema mwishowe, "haionekani vizuri."

Akainamisha macho kwenye chai.

"Rudi kesho."

Wifi akavuta kiti, akakaa karibu yake. Akavua viatu kimoja kimoja, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. Chai ikapoa mbele yetu.

Aliponisindikiza mlangoni, peku, nilimuuliza kama hiyo kesho atarudi kweli.

"Niende wapi, wifi," akasema, "na miguu hii?"