Mukwe wa mu Caniveau

Kazi ya Delphin ni kukata majani mu parcelle, viwanja vya batu ba mutaa wa Nguba, kule chini karibu na ziwa, penye kila nyumba iko na majani ya gazon na maua ya kuzunguka ukuta. Machine hana. Iko na coupe-coupe moja, panga ya ncha ya kupinda, na jiwe ya kunolea mu mufuko. Bale ba kwabo Shabunda, wakifika Bukavu banakuyaka na zahabu mu kitambaa. Yeye alikuya na coupe-coupe. Batu balimucheka sana, lakini miaka sita sasa ile coupe-coupe njo inalisha nyumba.

Bibi yake ni Ghislaine, na baba na mama ya Ghislaine pia ni batu ba Shabunda. Baba alishakufa. Mama anaishi juu ya Nguba, anauzisha ndizi na mboga ya lenga-lenga ku soko. Jina yake sisi tunaweza kutaja: Maman Agnès. Delphin hapana. Kwabo, jina ya mama mukwe haipite mu kinywa ya mukwe, hata kama iko na homa ya kufa. Na ukimuona anakuya mu njia, unatoka. Unajificha ao unageuza mugongo mpaka apite. Yeye naye anaangalisha macho chini, anaongeza miguu. Njo heshima.

"Mambo ya pori!" Jacques alikuwa anamuambiaka. Jacques ni jirani, na siku ya ndoa alikula nyama sahani tatu.

"Huyo mama alinizalia bibi," Delphin alimujibu. "Kumupisha mu njia, itanipunguza kitu gani?"

Basi siku moja ya jeudi, mvua imetoka kukata, Delphin anashuka barabara na coupe-coupe yake mu mukono. Kushoto ukuta, murefu, na vipande vya chupa juu. Kuume caniveau, mufereji wa kando ya barabara. Anainua macho, anaona pale ku kona kitambaa cha manjano cha kichwa chenye anajua muzuri, na kitunga. Mama mukwe! Na yuko karibu. Delphin hakufikiri mara mbili. Akaruka mu caniveau, maji machafu mpaka ku magoti, mifuko ya plastike, kitu kingine chenye hakutaka kujua. Akachuchumaa nyuma ya majani, akashika coupe-coupe nguvu ku kifua ili isigonge jiwe ikalia. Maman Agnès akaona ile majani inatikisika, akajua. Akaangalisha macho chini, akaongeza miguu. Akapita. Delphin akapanda, akakamua suruali, akaenda kazi. Kwa bale babili, siku ilikuwa nzuri.

Lakini juu, ku galerie, baraza ya nyumba ya gorofa, Hugues alikuwa amesimama na telefone.

Hugues huyu anavaa gilet ya mifuko mingi kama journaliste, na hakuna radio yenye inamujua. Iko na page ku internet, basi. Mwezi uliopita alifilm mama moja mubeba-mizigo, mufuko wa kilo mia umemuangusha mu matope, mama analia. Hugues akaweka muziki mu ile video. Batu balicheka mpaka machozi. Hakuna mwenye aliuliza kama mama alisimama.

Ile jioni akaweka video: sekunde kumi na tisa, mwanaume mu caniveau na coupe-coupe, mama anapita mbio mbio, macho chini. Na maandishi mekundu: MUJAMBAZI WA NGUBA ANAWINDA MAMA! SAMBAZENI KABLA HAJAUA!

Sasa ufikiri kidogo. Kama kweli aliamini kwamba huyo mama atakatwa, juu ya nini hakupiga kelele? "Mama, kimbia!" Maneno mawili tu. Angalia ile video yenyewe: mukono wake hautetemeke. Anavuta karibu sura ya Delphin, pole pole, kama mutu anachagua samaki ku soko. Alikuwa anangoja damu. Damu ilikataa kukuya, akauzisha hivyo hivyo.

Delphin iko na telefone ya kitochi, haoni mambo ya page. Kesho yake anagonga ku Maman Christine, mwenye yeye Delphin anamukatiaka majani toka mwaka wa kwanza. Sentinelle, mulinzi wa mulango, anafungua katundu ka mulango.

"Maman amesema usiingie tena."

"Juu ya nini? Nimefanya nini?"

"Uulize telefone."

Parcelle ya pili, vile vile. Ya tatu balimuachia imbwa. Akarudi nyumbani, akakuta Ghislaine amekaa ku kitanda na telefone ya dada yake, amevimba macho. Akamusomea maneno yenye batu balitia chini ya video. Sura yenyewe ya mwizi. Hawa batu ba pori banaleta mauaji mu ville. Tairi iko wapi? Na chini kabisa, Jacques: Mimi nilijua kitambo.

"Sahani tatu," Delphin akasema. Akatoka inje, akatapika.

Lakini njaa haina heshima. Kesho yake, siku ya samedi, akashuka tena Nguba, kwa sababu kulibakia muteja moja: Papa Télesphore, avocat, mwanasheria wa zamani, muzee wa kutembea na fimbo, asiye na page wala nini. Hakufika. Batu ba motari, bale ba kubeba batu ku pikipiki, balimukata njia pale ku kona, saba, nane, na moja alikuwa tayari anavingirisha tairi ya zamani.

"Huyu njo yeye! Angalia coupe-coupe!"

"Ba kaka, nakata majani, muulize..."

"Mu caniveau ulikuwa unakata majani gani?"

"Nilikuwa napisha mama mukwe."

Bakacheka. "Mama mukwe! Bon. Anaitwa nani?"

Delphin akatikisa kichwa.

"Jina, mukubwa. Mutu hajue jina ya mama mukwe wake?"

"Najua. Siwezi kutaja."

"Eh! Uongo! Leteni essence ya kumuchoma!"

Neno moja tu, na angekuwa amepona. Jina yenye hata batoto ba avenue banaita asubuhi wakitumwa ndizi. Delphin alilisikia pale ku ulimi, akaliacha. Na simu zimeshainuka, tano, sita, kila moja inatafuta pahali pazuri. Hakuna mukono hata moja ulikuwa mutupu wa kumushika mutu.

Papa Télesphore njo alisikia kelele, akafungua mulango ya parcelle, akapiga fimbo ku chuma: "Huyo ni mutu wangu! Mwenye anataka kumuchoma aanze na mimi!" Akamuvuta ndani. Akatuma batu juu, kwa Ghislaine: lete mama yako, mbio.

Maman Agnès alikuya na mikono michafu ya soko, jasho, anahema. Batu balikuwa wamejaa ku mulango, na Hugues mbele yao, gilet, telefone juu: "Tuko live, ba frères na ba sœurs..." Delphin, kusikia sauti yake tu, akageuka akatia paji la uso ku ukuta. Maman Agnès naye akamugeuzia mugongo, akaangalia batu.

"Mimi naitwa Agnès," akasema. "Jina yangu yeye hataje, njo maana natamka mwenyewe. Huyu alioa binti yangu. Miaka sita hajanikatia njia hata siku moja. Ile jeudi aliingia mu mavi yenu juu ya kunipisha. Nyinyi, nani kati yenu alishapisha mama yake?"

Mwenye alikuwa na tairi akaisukuma na muguu, pole pole, kama siyo yake.

"Bien, maman, bien!" Hugues akaruka. "Sasa geuka kidogo. Muangaliane na mukwe wako, umushike mukono, hata umukumbatie. Tutafanya démenti, video ya kukanusha, itapita ile ya kwanza! Delphin, toa uso ku ukuta, kaka, jina yako itasafishwa!"

Delphin akabakia na paji la uso ku ukuta. Huyu mutu alimuvua nguo mbele ya batu, na sasa anamuomba amuvue mama pia, ili amurudishie kaptula.

"Hapana," akaambia ukuta.

"Lakini ni juu ya mazuri yako!"

"Nimesema hapana. Anifilm mugongo mpaka achoke."

Papa Télesphore akamukaribia Hugues. "Kijana, sheria ya mambo ya internet iko. Unachafua jina ya mutu, unaitisha batu bamuchome. Unajua pahali banafungaka batu?"

"Muzee, barabara ni ya batu yote. Mimi nilifilm barabara."

"Barabara haina mama mukwe."

Batu bakacheka, lakini sasa banacheka Hugues, bale bale ba essence. Chef, mukubwa wa avenue, akafika, akamuambia afute. Hugues akafuta mbele ya batu yote, na akatabasamu. "Nimefuta. Lakini video iko Goma, iko Uvira, iko na ba diaspora. Mutanifuta mpaka wapi?" Akaenda zake. Hakuna mwenye alimushika.

Maman Christine hajamuita tena mpaka leo. Alituma tu neno: anaamini, lakini anaogopa. Delphin sasa anafungaka coupe-coupe mu gunia, anatembea katikati ya barabara, penye kila mutu anamuona.

Juma iliyopita, asubuhi, anashuka vile, gunia ku bega. Ku kona, kitambaa cha manjano. Delphin akatafuta pahali. Ukuta. Caniveau. Na ku upande, bamotari batatu, macho kwake. Miguu ikashindwa kuchagua.

Maman Agnès njo alichagua. Akatua kitunga chini, akainua pagne yake ya kitenge, akashuka mu caniveau, mu maji yale yale, mama wa miaka sitini na minne, mukono unatafuta jiwe ya kushikilia. Akachuchumaa, akawapa batu mugongo.

"Pita, mwanangu," akasema kwa majani. "Pita umesimama."

Delphin akapita, macho chini, akaongeza miguu. Nyuma yake akasikia kicheko, na motari moja anaambia mwenzake: "Toa telefone! Mbio, kabla maman hajatoka mu caniveau!"