Mumiani wa Sura ya Saba

Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya Voi, niliandika riwaya ya wanyonya damu kwenye madaftari ya hisabati, kwa kuwa hisabati na mimi tulikuwa tumeshaachana. Shujaa wangu alikuwa mwalimu mpya wa Kemia, kijana mtanashati, mweupe kama ugali, asiyestahimili jua hata dakika moja. Jinsi mtu wa namna hiyo alivyokubali kazi Voi, wasomaji wangu hawakuuliza, nami sikujitia kimbelembele kueleza.

Tatizo lilikuwa jina la kiumbe kama huyo kwa Kiswahili. Kamusi ilinipa popo. Ukimwita mwanamume mtanashati popo, mapenzi yameisha hapo hapo. Aliyeniokoa ni rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja. Yeye alitoka Bomeni, kule Taveta, kwenye nyumba ya Waislamu wanaoongea Kiswahili kilichonyooka. Mimi ni mtoto wa shamba la mkonge, wazazi wangu walitoka magharibi, na ngeli zangu zilitembea bila viatu.

"Mwite mumiani," alisema. "Bibi yangu akilitaja neno hilo, hata paka huingia ndani."

Nikafuta popo kote, nikaandika mumiani. Sikujua kwamba neno lile huja na mizigo yake. Mumiani wa huku kwetu hana haja ya mabawa. Ana gari, ana koti jeupe, ana sindano, na damu ya watu huenda kuiuza. Basi nami nikamnunulia mwalimu wangu gari jeupe, na sura ya saba ikanoga mpaka madaftari yakaanza kusafiri.

Rafiki yangu huyo alikuwa na ugonjwa wa seli mundu, ule unaomaliza damu mwilini. Kila muhula alipelekwa hospitali kuongezewa, akarudi akicheka. Muhula ule alizidiwa. Macho yaligeuka manjano, akawa analala chumba cha wagonjwa cha shule, kwa sababu hospitali ilikuwa imeishiwa na damu ya kundi lake. Daktari alisema ikipatikana ataongezewa mara moja. Isipopatikana, hakumalizia. Niliogopa sana. Mwalimu mkuu akawaomba watu wa kukusanya damu waje shuleni Jumamosi, kidato cha tatu na cha nne tuchangie, na wazazi watie sahihi fomu.

Wakati huohuo sura ya saba ilikuwa imefika kijijini Makwasinyi, ndani ya begi la msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekwenda nyumbani likizo fupi. Mama yake akaisoma. Nilikuwa nimeandika kwa nafsi ya kwanza, na kwa bidii yangu yote nilikuwa nimeeleza tangi la maji, mabweni na lango kama yalivyo. Mama wa watu akaiona ni barua ya mtoto anayeomba kuokolewa, akawapasha habari wazazi wengine.

Jumamosi asubuhi gari la damu likaingia. Lilikuwa jeupe. Nyuma yake wakaja wazazi, bila fomu hata moja.

Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele yao nikane. Nikakana vizuri mno. Nilisema mumiani hayuko, hajawahi kuwako, nimemtunga mwenyewe.

Mama wa Makwasinyi alinitazama kwa huruma. "Maskini mtoto. Wamemwambia aseme hivyo."

Nikaapa. Wakaguna zaidi. Nilichotunga walikiamini chote, na ukweli wangu hawakuutaka hata kidogo.

Ndipo rafiki yangu akatoka chumba cha wagonjwa, amejifunga leso juu ya sweta kwenye jua lile, akishika ukuta.

"Shikamooni," alisema kwanza. Kisha akamgeukia yule mama. "Mama, mumiani mnayemtafuta ni mie. Hiyo damu huja kwangu. Nimeshapewa ya watu wengi, wala siwajui niwashukuru."

Mama wa Makwasinyi alimwendea, akamvuta kope kwa kidole, akatazama ndani ya jicho. Kisha akavua saa yake, akampa binti yake amshikie.

"Nitoeni mimi kwanza," alisema, akaninyooshea kidole. "Nikifa, wewe uandike."

Wazazi wakapanga foleni, na waliobaki wakaomba fomu nyingine na kalamu za kutia sahihi.

Foleni ikanifikia. Mimi naogopa sindano tangu utotoni; hizo sura saba za meno shingoni niliziandika nusu nimefumba macho. Muuguzi akaniuliza, kama alivyomuuliza kila mtu, iwapo nimeugua malaria karibuni. Nikasema ndiyo, wiki iliyopita. Ulikuwa uongo, akauamini papo hapo. Nilirudi bwenini nikiona aibu, na nikiona nafuu, na nafuu ndiyo iliyozidi.

Rafiki yangu aliongezewa damu Jumatatu. Aliporudi darasani aliuliza mambo mawili: sura ya nane iko wapi, na je, mimi nilitoa? Nikamjibu nilitoa.

Siku hizi yuko Taveta, ana watoto wawili. Akinipigia simu hanitaji jina. Huniita ndugu yangu wa damu, nami huitika.