Mjane wa Newala aliyejifunza kusema 'pamejaa'

Saa kumi na moja alfajiri, na Newala kuna baridi ya kung'ata masikio. Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma ukayafunika mahema yote sita. Dorika Lameck anapita kati yake bila tochi, ndoo ya maji ya moto mkono huu, ndoo mkono ule, kanga imefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi.

Anasimama nyuma ya hema la mwisho, lile lililo ukingoni kabisa, linaloitwa Mpingo. Hapigi hodi. Anakohoa kidogo, kikohozi cha heshima, kisha anamimina maji kwenye pipa ambalo bomba lake linaingia bafuni. Mgeni akiamka, kazi yake ni kufungua koki tu.

"Mgeni asijue maji yamefikaje," anasema kwa sauti ya chini akirudi jikoni. "Akijua, ataona haya kuoga."

Huku juu maji ni mali. Bibi za watu wa hapa waliteremka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, na mpaka leo nyumba yenye tangi la kukingia mvua ni nyumba ya mwenye nacho. Ndani ya hema la Mpingo kuna bafu jeupe ambalo mtu mzima anajilaza akajinyoosha, akitazama nje mpaka Msumbiji. Kitanda ni cha mninga, shuka zimepigwa pasi, na mezani pana korosho zilizokaangwa jana.

Kambi hii ya kifahari sasa ina mwaka wa tatu. Mwaka jana, nusura ife. Na haikukaribia kufa kwa ubaya wa watu wake. Ilikaribia kufa kwa wema wao.

Dorika, ambaye wote humwita Mama Huruma kwa jina la bintiye anayesomea uuguzi, ana miaka hamsini na minne. Alizaliwa Lisekese, Masasi, katika nyumba ya Waanglikana, babu yake akiwa mpiga kengele wa kanisa. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa Makote, huku Newala, na marehemu Cuthbert, mkulima wa korosho.

Mumewe alipofariki, miaka tisa iliyopita, mikorosho iligawanywa na ndugu, yeye akabakiwa na michache ya kando ya nyumba. Mwaka mzuri ilimpa magunia mawili. Mwaka mbaya ilimpa majani ya kufagia.

"Sikulia sana," anasema. "Nililia kiasi chake, nikamwachia Mungu, nikatafuta jembe."

Kambi ilipofunguliwa aliajiriwa kutandika vitanda, kwa mshahara ambao leo umefika shilingi laki tatu kwa mwezi. Huo ndio ada ya Huruma, ndio chumvi, ndio sadaka ya Jumapili.

Jikoni anamkuta Sultani, mpishi, mwenyeji wa Mkunya, ambaye hawezi kupika bila kusema.

"Mama Huruma amezaliwa Masasi, kule chini," anasema Sultani akikoroga uji. "Alipopanda huku alishikwa kizunguzungu. Hajapona mpaka leo."

"Kizunguzungu kilikuwa cha harufu," anajibu Mama Huruma bila kugeuka. "Nilifika nikakuta watu wanaoga sikukuu kwa sikukuu."

Sultani anacheka mpaka mwiko unaanguka. Lakini ukimuuliza habari za Julai mwaka jana, kicheko kinapungua.

Wakati ule simu ya kambi ilikaa dirishani mwa jikoni. Ikilia, aliyekuwa karibu aliipokea: mpishi, mlinzi, dereva, mfua nguo. Mpigaji aliuliza kama pana nafasi, na kila aliyepokea alijibu neno moja, "Karibuni." Kama hema lilikuwa limeshaahidiwa mtu mwingine, hilo halikumjia mtu akilini.

"Mtu anakuuliza kwako pana nafasi, utamjibu hapana?" anasema Sultani. "Mama yangu angefufuka anizabe kofi. Sisi tumelelewa hivyo. Mgeni akija, kuku anakamatwa kwanza, mahali pa kulala patajulikana mbele ya safari."

Basi Ijumaa moja ya Julai walifika Cecil na Witness, maharusi kutoka Mtwara, bado wana hina na harufu ya maua. Waliahidiwa Mpingo. Walipofungua zipu ya hema walikuta watoto wanne wanarukaruka juu ya kitanda. Familia ya watu saba kutoka Dar es Salaam nayo ilikuwa imeahidiwa Mpingo, na hema la pembeni yake, ambalo nalo tayari lilikuwa na Wajerumani wawili waliolala.

Hakuna aliyegombezwa na hakuna aliyefukuzwa. Wafanyakazi walihama vyumba vyao. Mama Huruma alitandika kitanda chake mwenyewe kwa shuka za hema, akaweka ua la bogenvilia kwenye mto, akawaingiza maharusi, yeye akalala stoo juu ya mkeka kati ya magunia ya mchele. Sultani alipika ming'oko, ile mizizi ya porini, kisamvu, kuku wa kienyeji, na mikate ya ufuta ya asubuhi. Watu wakala wakasahau hasira.

Wiki iliyofuata maneno yalitoka mtandaoni, kila mgeni kwa namna yake, lakini wote kama waliokaa kikao: huduma nzuri ajabu, watu wana roho nyeupe, mpangilio hakuna kabisa. Mmoja aliandika kwamba alipewa upendo wote isipokuwa kitanda alicholipia.

Na haikuwa mara ya kwanza. Wageni walianza kupungua.

Mwenye kambi, Alfredi Bonifasi, ni mtoto wa Newala aliyefanikiwa katika biashara ya vipuri Dar es Salaam. Alikuja mwenyewe. Akawakusanya wafanyakazi wote kumi na mmoja uani, akawasomea maneno yale kutoka kwenye simu yake.

"Nikisoma neno 'mpangilio hakuna' tena kabla ya mwaka kwisha," aliwaambia, "nauza mahema, nafunga. Siwezi kuendelea kupata sifa na hasara pamoja."

Kisha akachukua ile simu dirishani akamkabidhi Mama Huruma. Simu moja, mdomo mmoja. Alipoulizwa sababu ya kumchagua mtandika vitanda, alisema ni kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuwa akijitetea.

Watu hudhani kazi ilikuwa kupanga tarehe. Hiyo haikumshinda. Alibandika kalenda kubwa ya kanisa ukutani jikoni, akagawa kila siku visanduku sita kwa kalamu, kimoja kwa kila hema, kila mtu akaona lililo tupu na lililojaa. Kazi ilikuwa neno lenyewe. Ulimi ulikataa.

"Nilikuwa naona kabisa pale ukutani pamejaa," anakumbuka. "Mtu akiuliza, nasema, subiri kidogo. Halafu naenda kukoroga chai. Nikirudi naye bado anasubiri, maskini."

Mara mbili ulimi ulimponyoka akasema karibuni, na mara mbili akalala tena stoo.

Palikuwa na jambo zaidi, nalo hakumwambia mtu. Tangu utoto wake Lisekese, kila Krismasi alisikia ikihubiriwa habari ya Yusufu na Mariamu, mjamzito, wakizungushwa mji mzima kwa kukosa mahali pa kulala. Kila mhubiri alimlaumu yule mwenye nyumba aliyewaambia pamejaa. Mama Huruma naye alimlaumu, miaka yote hiyo.

"Sasa Mungu ananifanya mimi kuwa yeye," anasema. "Nikawa nasali, Bwana, kazi hii mpe mwingine."

Jumapili moja ya Oktoba alikuwa kanisani, akili ikienda na kurudi, ndipo akajiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza. Kama nyumba ile kweli ilikuwa imejaa, mwenye nyumba angefanya nini? Angemtoa nani kitandani? Na wale waliokuwa ndani, si wageni nao?

"Nikaona kosa si kusema pamejaa. Pakijaa pamejaa. Kosa ni kumwambia mtu hivyo halafu ukafunga mlango, ukamwacha na mzigo wake njiani. Sisi hapa mgeni usipoweza kumlaza, unamshika mkono unampeleka kwa jirani. Unabeba na begi lake."

Ibada ilipokwisha hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Regina, jirani yake wa Makote, mwalimu mstaafu mwenye vyumba vitatu safi na tangi la maji ya mvua. Wakanywa chai, wakakubaliana. Kambi ikijaa, Sultani atapeleka chakula, dereva atapeleka wageni, na Regina atapokea malipo yake.

Tangu siku hiyo neno likawa na mkia. "Pamejaa, ndugu yangu, lakini sikuachi njiani," huwaambia wapigaji. Wengine huenda kwa Regina. Wengine hubadili tarehe. Wachache hukasirika, na hao huwaombea.

Novemba ilipita bila mtu kulala stoo. Desemba ikaja na msimu wa korosho, wenye fedha wakirudi nyumbani kula sikukuu, na mahema yote sita yakalipiwa mapema kwa wiki ya Krismasi.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Alfredi mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Huruma."

"Marahaba, Baba Isabela. Habari za watoto?"

"Nzuri. Nakuja na marafiki zangu wawili na wake zao, watu wakubwa. Niandalie mahema mawili, Krismasi."

Sultani alikuwepo, anakata vitunguu. Anasema aliona mkono wa Mama Huruma umeshika ukingo wa meza.

"Baba Isabela, pamejaa."



"Mama, mimi ndiye mwenye kambi."

"Najua, baba. Ndiyo maana nakuambia kweli. Nikiwapa hao wako, wawili waliolipa watafika wakute watu kitandani. Na wewe ulisema usisikie tena neno lile mpaka mwaka uishe. Lakini sikuachi njiani. Kwa Mwalimu Regina kuna vyumba vitatu."

Simu ilikatwa upande wa pili.

"Haya," alisema Sultani. "Ile sufuria yako ndogo ya chai naitaka mimi. Kanga wagawane wengine."

"Chukua na sabuni," alijibu Mama Huruma. "Utaihitaji zaidi."

Alitania, lakini hakula siku ile. Huruma alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa chuo. Kwa siku kadhaa simu kutoka Dar es Salaam haikuja, si ya kumfukuza wala ya kumsifu, naye akaendelea kubeba ndoo zake alfajiri, akikohoa nyuma ya mahema, akimwambia Mungu kwamba alichosema ni kweli na kweli haina kinyumenyume.

Mkesha wa Krismasi, gari la Alfredi lilipita mbele ya geti la kambi. Halikuingia. Lilinyoosha barabara ya Makote mpaka kwa Regina.

Jioni yake alikuja na marafiki zake kambini kwa miguu, wamejifunika mashuka kwa baridi, wakakaa kwenye benchi kama wageni wengine, wakaletewa chai ya tangawizi na korosho. Alfredi alitazama. Mahema sita, taa sita. Hakuna mtu aliyesimama na begi. Hakuna mtoto juu ya kitanda kisicho chake. Maji yalikuwa moto katika kila bafu, kwa kuwa ilijulikana tangu asubuhi ni mabafu mangapi.

Kisha akamwita Mama Huruma, akasimama yeye, akamkalisha benchini.

"Nilikasirika sana," anasema Alfredi alipozungumza kwa simu kutoka Dar es Salaam. "Halafu njiani nikaanza kuhesabu. Hema hili nilimpa shemeji, lile nikampa mteja wangu, nilikuwa naahidi watu nikiwa baa, wala kambini sisemi. Nusu ya fujo ile ilikuwa mimi. Kambi ilikosa mtu wa kunikatalia."

Mwaka ulikwisha na neno lile halikuonekana tena mtandaoni. Sasa wageni huandika kwamba huduma ni nzuri na kila kitu kiko mahali pake. Januari, Mama Huruma alipandishwa kuwa msimamizi wa kambi. Watu wote kumi na mmoja bado wana kazi, na yeye ndiye anayewapangia zamu. Ndoo za alfajiri hajaziacha. Anasema mwenye kubeba maji huona mengi.

Mpango wake ni kujenga vyumba viwili vya wageni kwake Makote, pembeni ya mikorosho aliyoachiwa. Msingi umeshachimbwa na tangi la mvua limeshanunuliwa, limekaa uani likingojea paa. Huruma akihitimu, anasema, mshahara utageuka matofali.

"Ili nikisema sikuachi njiani, niwe na mlango wangu wa kufungua," anasema.

Jua limeanza kuchoma ukungu na simu inalia. Mama Huruma anafuta mikono, anaiweka spika. Ni Witness, yule bibi harusi wa Julai. Wana mtoto wa miezi miwili sasa, wanataka kuja kusherehekea mwaka wa ndoa, na wanataka Mpingo.

Mama Huruma anageukia kalenda. Anaitazama kwa utulivu.

"Mwanangu, wiki hiyo pamejaa. Lakini sikuachi njiani. Wiki inayofuata Mpingo ni lenu, na halitakuwa la mtu mwingine yeyote."

"Mama, wiki hiyo ndiyo yenyewe. Tupe basi hata kile kitanda chako, tulilala vizuri."

Sultani ameacha kukoroga. Anangoja.

"Kitanda changu nacho kimejaa," anasema Mama Huruma. "Nalala mimi."

Upande wa pili Witness anacheka, anakubali, na mtoto anasikika naye akipiga kelele. Mama Huruma anachukua kalamu, anaandika jina lao kwenye wiki inayofuata.