Mbio za Ukingoni

Niseme mapema: gari ni langu, nimelichomelea kwa mikono hii, na asiyelipenda asilipande. Lina viti viwili, halina paa, na liko chini hata mbuzi wa Garsen wanaliangalia kwa dharau. Watu wanaliita "kiatu". Waite! Mimi ni fundi wa pikipiki, na ni mwanamke. Nimeitwa majina mabaya kuliko hilo, na walionipa wananiletea pikipiki zao mpaka leo.

Ubishi ulikuwa juu ya injini. Ilikuwa ya pikapu ya marehemu baba, aliyobebea ndizi na maembe kutoka shamba letu la Kulesa mpaka bodi ikaoza. Baba alipofariki niliing'oa, nikaifungua yote, nikaifufua, nikaiweka kwenye chasisi yangu. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mkulima wetu, alikuwa na mipango yake. Pampu ya kuvutia maji mtoni ilikuwa imekufa, migomba inakauka, na yeye akataka injini ya baba ikae pale mtoni ivute maji. Nikamwambia pampu ile nitaitengeneza mimi. Akacheka.

"Mdogo wangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni." Kisha akanyoosha kidole upande wa mto, ukingo wenyewe, nisije nikakosa maana. Aliupenda sana utani huo. Kila mgeni aliyefika nyumbani aliusikia kabla ya kupewa chai.

Mama alipochoka na kelele zetu akaamua. Jumamosi gari lipande daraja la Tana naye akiwa ndani. Likipanda bila kukatika pumzi, injini ni yangu. Likishindwa, injini iende mtoni, na asisikie kilio cha mtu.

Na pumzi lilikuwa linakatika kweli, hilo silifichi. Likienda polepole halina neno, unaweza hata kulisifu. Lakini nikikanyaga mafuta, pale pale utamu unapoanza, nguvu zinaanguka kama mtu aliyekabwa koo. Nikiachia mguu, zinarudi. Nikikanyaga tena, zinaanguka tena. Kaka alikuwa akisimama kando ya barabara, mikono nyuma, anatikisa kichwa kwa huruma ya uongo. Nilitamani kumpiga na spana.

Nilianza na petroli, maana petroli ya chupa za kando ya barabara huwezi kuiapia. Nikamwaga yote, nikaosha tangi, nikatia nyingine. Hola! Nikabadilisha plagi. Nikafungua kabureta, nikapuliza kila kitundu mpaka mashavu yakauma. Nikatoa chujio la hewa, nikalikuta safi, nikalirudisha. Injini haikuwa inamisi wala kukohoakohoa, haikuwa inatoa moshi, haikuwa na joto. Ilikuwa inakataa tu. Siku ya Ijumaa nilikaa chini kando ya tairi, nikalia kwa hasira, nikafuta machozi kwa mkono wenye grisi, nikaonekana kituko. Hata hivyo sikusema nimeshindwa. Nilisema nakwenda kuona hilo kaburi analoichimbia injini yangu.

Mtoni nilimkuta kaka akimsaidia jirani kuwasha pampu yake. Mdomo wa pampu unaovutia hewa ulikuwa umefungwa kitambaa cha leso kuukuu, kama pampu zote za huku, kwa sababu ya vumbi la kiangazi. Nimeviona vitambaa hivyo tangu utotoni, hata sivioni tena. Lakini kaka alipoongeza mafuta ili maji yapande, niliona kitambaa kikifyonzwa ndani, kikibonyea. Alipopunguza, kikalegea.

"Kaka," nikamwambia. "Ile siku nachomelea boneti, nikakuomba unifungie boksi la chujio. Ulifunga na nini?"

Akanishangaa. "Na kitambaa, kule chini kwenye mdomo wa boksi unaovutia hewa. Kwani ulitaka vumbi lote lile liingie? Nilikuonea huruma."

Mungu wangu! Wala hakuwa na ubaya. Alikuwa amenisaidia kwa moyo mmoja, kwa namna anayoijua. Pampu inakwenda mwendo mmoja kutwa nzima, haina haraka ya kufika popote, kwa hiyo kitambaa hakiidhuru. Gari likikanyagwa linataka kuvuta hewa kwa kifua kizima. Siku zote hizo anabishana nami kwamba ile ni injini ya pampu, kumbe alikwisha kuivisha nguo za pampu. Nilicheka mpaka jirani akauliza kama niko salama. Kisha nikakimbia nyumbani kukitoa.

Jumamosi mama aliingia kwenye kiatu, akajifunga leso kichwani, akasema yuko tayari kufa. Tulipofika kwenye kilima cha kupandia daraja nikakanyaga. Pale palipokuwa panakatika, hapakukatika. Injini ya baba ilipiga kelele, upepo ukatujaa mdomoni, mto ukapita chini yetu, na mama akanishika paja kwa kucha.

"Baba yako alikuwa anaogopa kuikanyaga hivi," alisema tulipovuka. Halafu: "Rudia."

Nikarudia. Baada ya hapo sikurudi nyumbani. Nilishika njia ya Kulesa, vumbi nyuma yetu, mpaka shambani, nikapita katikati ya migomba na kusimamisha tairi za mbele pale ardhi inapoishia. Kaka akainuka kutoka kivulini. Nilimtupia kitambaa chake, kimeoshwa na kukunjwa.

"Haya, ukingo ndio huu, na mbio hazijaisha," nikamwambia. Nikavuta boksi la spana kutoka nyuma ya kiti cha mama. "Iko wapi hiyo pampu iliyokushinda?"