Waliopiga Makofi Kayanza

Donatienne hakuwa mtu wa kubishana na wazee wa watu. Miaka tisa huku ughaibuni alikuwa akipanda basi la Kipling kutoka mtaani kwake Rexdale kwenda kuwaogesha na kuwavisha, na kanuni yake ilikuwa moja: mzee akisema leo ni Jumanne, basi ni Jumanne. Lakini Monsieur Roelants alimshinda.

Mbelgiji huyu wa miaka tisini na miwili alikuwa afisa wa utawala Burundi enzi za ukoloni, kijana mbichi wa miaka ishirini na minne. Kiswahili alikuwa nacho bado, kile cha kuamrisha: leta, ondoa, upesi. Donatienne alicheka tu, akaleta.

Jumamosi hiyo alimkuta anataka kuvaa tai. Mjukuu wake Ariane, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa anakuja kumrekodi kwa ajili ya tasnifu yake. Swali lilikuwa hili: Ubelgiji ilivuka bahari kutwaa nchi za watu kwa nia njema au kwa faida?

"Utamwambia wewe, mtu wa kule," mzee alisema, kwa Kifaransa sasa, maana mazito hakuyaweza kwa Kiswahili chake. "Faida ilikuwepo, kahawa ilikuwepo, mimi si mtoto. Lakini tulipofungua barabara ya Kayanza, watu wote waliinama wakatupigia makofi, taratibu. Walitushukuru. Niliona kwa macho yangu."

Donatienne aliacha kumfunga vifungo. Kumbe ndicho alichoishi nacho miaka yote hiyo! Maskini. Kwao, mbele ya chifu, mtu huinama akapiga makofi. Hata akija kukunyang'anya ng'ombe wako wa mwisho, unampigia. Ni salamu ya kumpa mwenye nguvu, shukrani haimo.

Angeweza kuitikia tu, Ariane akarekodi, mzee akafa ameridhika. Lakini barabara ile babu yake, Ntahomvukiye, aliichimba bila malipo ili malori ya kahawa yapite, na msimu uliofuata alichapwa kiboko mbele ya wanawe kwa kutopalilia mibuni.

"Monsieur," alisema, "makofi yale hayakuwa asante. Ndivyo tunavyomsalimu mkubwa. Hata tukimchukia."

Akamweleza yote, mpaka jina la babu. Mzee aliiweka tai kando. Donatienne alimwonea huruma, na huruma yenyewe ikamuudhi, kwa kuwa hasira nayo ilikuwa bado moto. Alitaka neno moja tu: kwamba anamkumbuka Ntahomvukiye.

"Ariane akija, mwambie hivyo hivyo," mzee alisema hatimaye. "Nami nitamwambia kwamba karatasi za amri ya viboko nilizitia sahihi mimi." Akaongeza: "Ila akiniuliza majina, sina. Zilikuwa nyingi. Majina sikuwa nikiyasoma."