Nyumba Niliyoiandika Haina Mhitaji

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikimwona mtu amesimama na kalamu mlangoni mwa nyumba ya msiba. Sasa umekuja kuniaga, umebeba fomu zako kwenye mfuko wa plastiki, unaniambia kwamba mto umeingia majumbani kwenye kata yenu, watu wamefariki, na serikali imefungua nafasi ya kuomba fedha za washauri nasaha. Na andiko la maombi utaliandika wewe. Umenieleza kwa furaha, nami nimefurahi pamoja nawe, kisha moyo ukanipiga. Kaa kidogo. Chai hiyo inywe taratibu, maana sitaki uondoke kabla sijamaliza.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi hii ya maendeleo ya jamii. Nilipanga chumba mjini, mtaa wa Mabawa, na mshahara wa kwanza ulikwenda kwenye viatu vya kisigino nilivyovinunua Usagara. Vilinibana hadi machozi, lakini vilisikika. Nilipenda visikike. Msichana mwenye cheti kipya anataka watu wajue kuwa anapita, na mimi nilikuwa msichana wa namna hiyo hasa.

Masika yale mto ulipanda alfajiri, watu wakiwa kwenye sala. Kijiji kile cha bondeni sitakitaja jina, wenyewe wamechoka kutajwa. Walikufa watu tisa. Mmoja alikuwa fundi seremala aliyerudi ndani kumchukua binti yake wa miaka sita, Zuhura, na hakutoka yeye wala mtoto. Mkewe, Mwanasha, alikuwa ameshatangulia nje na kichanga mgongoni. Alisimama kwenye mwinuko akamwona mumewe anaingia, akangoja watoke. Nilipewa habari hiyo siku ya tatu, nikaiandika vizuri kwenye daftari, nikaipigia mstari kwa wino mwekundu.

Hazikupita siku nyingi tukaambiwa kuwa fedha za ushauri nasaha zipo, lakini kila kata iandike maombi yake. Waandike ni kina nani walioumia moyoni, wanahitaji nini, washauri wangapi, wakutane wapi, kwa muda gani. Tulipewa siku kumi. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mgonjwa, kwa hiyo karatasi zote zikaniangukia mimi, nami sikulalamika hata kidogo. Niliona nyota yangu inang'aa.

Nikaweka meza kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai, nikatangaza kwamba anayetaka kuzungumza na mshauri aje aandikishe jina na kutia saini. Wakaja wanaume, wengi. Wakaja vijana. Wakaja kina mama waliodhani ninagawa mablanketi, nikawaandika hao pia. Siku ya pili nikasema nisionekane mvivu, nikapita nyumba kwa nyumba.

Unaijua desturi yetu, huna haja ya kufundishwa, lakini nitaisema ili usijifanye umeisahau kama nilivyojifanya mimi. Mjane akikaa eda, miezi minne na siku kumi, haonekani barazani na hakai na wanaume wasio maharimu wake. Yuko ndani, nyuma ya pazia. Mgeni mwanamume akifika ataishia mlangoni na kujibiwa na shemeji au baba mkwe. Mgeni mwanamke anavua viatu, anaingia, anakaa naye mkekani. Hata mtoto wa kike wa darasa la pili wa kijiji kile alilijua hilo.

Nilipofika kwa Mwanasha nilipiga hodi, akatoka shemeji yake, Athumani, kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shemeji yako anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Alhamdulillahi, hajambo. Ana subira huyo. Tangu siku ile hajatoa hata chozi."

"Mashaallah," nikasema.

Akasogea pembeni kunipisha. Nakumbuka vizuri alivyosogea, mwanangu, na pazia lilikuwa pale pale, la kijani, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Nikatazama viatu vyangu. Kuvivua ilikuwa kazi, vina mkanda na kifungo, na nyumba zilikuwa zimebaki kumi na moja, na jua limeshapanda. Nikamwambia Athumani nampa shemeji yake pole nyingi, nikaandika kwenye daftari: hakuna mhitaji. Nikaondoka zangu, ko-ko-ko, hadi nyumba ya jirani.

Nikafanya hivyo kwa wajane wote wanne.

Andiko lile nililiandika kwa raha. Niliomba washauri wawili, nikawataka wanaume, kwa kuwa wengi waliofika mezani kwangu walikuwa wanaume. Mahali pa kukutania nikaweka uwanja wa shule. Kuhusu wajane nikaona nisiache nafasi tupu, nafasi tupu inaonekana vibaya, nikatunga sentensi nzuri. Nilipoipeleka ofisini mjini, mzee mmoja wa pale aliisoma yote akanisifu. Alisema hajawahi kuona andiko safi kama lile kutoka bondeni. Nilirudi Mabawa nimevimba kichwa.

Fedha zikatoka. Washauri wakaja, watu wema, wakakaa chini ya turubai na wanaume wakazungumza, na wengine walilia mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani mwao. Sikatai kwamba kazi ilifanyika. Hata leo nikikutana na wale wazee wananishukuru, na shukrani zao zinanichoma.

Siku chache baada ya khitma ya arobaini nikaitwa na Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa mwosha wa kijiji, mama mtu mzima aliyewaosha wanawake na watoto waliofariki katika maji yale. Hakuwa na maneno mengi. Nikamkuta amesimama nje ya nyumba ya Mwanasha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua viatu."

Nikavua. Akainua pazia la kijani, tukaingia.

Mwanasha alikuwa amekaa chini na karai la maji mbele yake, anafua gauni la mtoto. Gauni lilikuwa la njano, limechakaa kwa kufuliwa hadi unaona mkono kwa ndani. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni, vingine vinatoka damu. Kando yake kulikuwa na bakuli la uji wa mchele, umeganda, na kijiko kidogo juu yake. Yule kichanga alilala kwenye mkeka upande wa pili, amekonda, ngozi imemlegea mapajani, halii. Mama mkwe alikuwa anamnywesha maji ya sukari kwa sababu maziwa ya mama yalikauka wiki ya kwanza. Wakaona aibu kusema. Walikuwa wanangoja eda iishe.

Mwanasha akaniangalia, akatabasamu kwa adabu, akanikaribisha.

"Umetoka nje, mwenzangu? Maji yamepungua? Kama yamepungua nimtume Zuhura dukani, uji wake umepoa."

 Nikatazama lile bakuli la uji. Nimefiwa na wazazi wangu wote wawili tangu hapo, na nimeona mengi katika kazi hii, lakini hakuna kilichonishtua kama sauti ile, tulivu kabisa, sauti ya mama anayepanga shughuli za asubuhi. Na mimi nilikuwa nimeandika, na kutia saini, kwamba mtu huyu hajambo.

Tulipotoka nje Bi Mwanaidi hakunipandishia sauti.

"Nimeosha maiti kwa mikono hii, na kila mmoja nilimjua nani mwanawe, nani mamake," akasema. "Wewe hukupewa maiti. Ulipewa walio hai. Umewapitaje?"

"Walisema hajambo, bibi."

"Alisema nani? Yeye?"

Nikainama kuvaa viatu.

"Mwanamume akija hapa nitamsamehe, hawezi kuingia," akasema. "Wewe ulizuiwa na nani?"

Ningekuwa na ujasiri ningemwambia nilizuiwa na kifungo cha kiatu. Sikuwa nao. Nilikimbilia mjini siku ile ile, peku nusu ya njia, nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee aliyenisifu. Nikamwambia nataka mshauri mwanamke aende kwa wajane wanne, nyumbani kwao, leo au kesho. Akanihurumia, kisha akafungua jalada akaligeuza upande wangu.

"Soma hapo, binti yangu."

Nikasoma: Wajane wote wako eda. Wana subira na imani thabiti, na hawahitaji huduma hii.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Fedha zimetoka kwa maneno haya. Wahusika ni waliomo kwenye orodha, mahali ni uwanja wa shule. Andika upya, nami nitasukuma, lakini itapita mikono mingi. Usitegemee wiki hii."

Hakuwa mtu mbaya. Mlango ule niliufunga mwenyewe, kwa sentensi niliyoitunga ili ukurasa upendeze. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile nikalia hadi mlinzi akaniletea maji.

Kilichomwokoa Mwanasha hakikutoka kwenye andiko langu. Niliporudi kijijini, Bi Mwanaidi alikwenda kwa shekhe wa msikiti, naye akashangaa kwamba jambo hilo linaulizwa. "Eda haijamkataza mtu dawa," akasema, na jioni ile ile Mwanasha na kichanga walipelekwa hospitali, mama mkwe upande mmoja na mimi upande wa pili. Muuguzi mmoja wa kike, naye mjane, akaanza kwenda kwa wale wengine watatu siku zake za mapumziko, bila kulipwa. Mmoja tulimkuta halali tangu mafuriko, anakaa usiku kucha akisikiliza mto. Andiko jipya lilipokubaliwa, mwezi na zaidi ulikuwa umepita, na muuguzi yule alishafanya sehemu kubwa ya kazi.

Kichanga alipona, sasa ni mtu mzima anayenipita kimo. Mwanasha alirudi taratibu sana. Siku aliposema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Zuhura amekufa, alilia siku mbili, na Bi Mwanaidi akasema sasa tunaweza kupumua. Maziwa hayakurudi. Uji wa mchele hapiki hadi leo.

Eda ilipokwisha nilikwenda kumwomba radhi. Nilivaa kandambili. Nikamweleza yote, meza, daftari, sentensi, sikujipunguzia. Alinisikiliza huku akimfunga mwanawe nepi.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Sikuwa na akili sawa, lakini nilisikia viatu. Nikajiambia, hivyo ni vya mwanamke, huyu ataingia. Nikaweka sabuni chini nikakungoja. Nilikuwa nataka kumuuliza mtu kama mwanangu amekufa kweli, na wa nyumbani niliogopa kuwauliza."

Halafu akasema, "Nikasikia viatu vinaondoka, nikachukua sabuni."

Alinisamehe, mwanangu, na alinisamehe kweli, na mimi bado nasikia viatu vile. Nilivigawa siku ya pili kwa msichana wa jirani.

Basi sikiliza, na hili ndilo nililokukalishia. Kesho ukifika kwenye nyumba hizo, vaa kitu ambacho mguu unatoka bila kuinama. Wewe ni mwanamke, hakuna wa kukuzuia. Ingia. Kaa chini, nyamaza, ungoje. Usikubali kupewa "hajambo" ya mtu na mtu mwingine, hata akiwa mpole kama Athumani, na akikuambia fulani ana subira kubwa, hajalia, hapo ndipo ukae zaidi. Ukiweka meza, jiulize nani hawezi kuifikia. Mjane hawezi, mgonjwa hawezi, mwanamume anayeona haya kulia mbele ya wenzake hawezi. Andika kwenye maombi yako kwamba wapo, omba washauri wa kike, omba wapite majumbani, na kama ofisini wakikuuliza kwa nini maombi yako ni marefu, waambie nyumba nazo ni nyingi. Na usipojua hali ya mtu, acha nafasi tupu. Nafasi tupu kesho unaweza kuijaza. Ile sentensi yangu nzuri ilinichukua mwezi mzima kuifuta.

Haya, chukua fomu zako, na uniletee habari ya kila nyumba utakayoingia. Mungu akutangulie katika milango yote, akupe masikio ya kusikia aliyenyamaza nyuma ya pazia, na anayekungoja akusikie unaingia. Amin.